Tumbo Joto la Jumapili Usiku

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote, na shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Nawashukuru kwa kuja Jumamosi mchana, saa ambayo baadhi yenu ndiyo kwanza mnatoka zamu na wengine mnajiandaa kuingia. Nawaona akina dada wa hotelini bado mna sare, nawaona makarani wa bandari yetu ya Kilindini hapa Mombasa, mabawabu, madereva wa tuktuk, na kule nyuma vijana wa viwandani. Mimi nilianza maisha ya kazi kama karani, baadaye nikasomea ushauri nasaha, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuketi na wafanyakazi wa mji huu, mmoja mmoja, nikiwasikiliza. Niliyoyasikia humo ndiyo niliyowaletea leo.

Naanza na mama mmoja. Alinipa ruhusa nisimulie kisa chake bila jina. Jumapili moja, saa tatu na dakika arobaini usiku, alikuwa ameketi jikoni kwake na sinia ya mbaazi mapajani, anachambua za kupika asubuhi. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mkubwa wake wa kazi, maneno sita tu: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu kwanza."

Mbaazi ziliishia pale. Mikono ilimpoa, tumbo likamchafuka. Aliusoma ujumbe ule labda mara ishirini, kana kwamba neno la saba lingejitokeza. Akaikumbuka siku aliyochelewa kwa sababu ya msongamano wa feri Likoni. Akamkumbuka mgeni mmoja aliyelalamika kuhusu mashuka mwezi uliopita. Usiku wa manane alikuwa anapiga hesabu ya karo ya watoto watatu bila mshahara. Aliamka alfajiri, au niseme aliondoka kitandani maana kulala hakulala, akasali na moyo ukakataa kutulia. Saa moja na nusu yuko mlangoni pa mkubwa. Mkubwa akainua macho akamuuliza, "Ule ufunguo wa stoo ya akiba unao wewe?" Akautoa kwenye mkoba, akampa. Akaambiwa asante. Akatoka, akaenda chooni, akatapika.

Yule mkubwa si mtu mbaya. Nimezungumza naye. Alikuwa anataka ufunguo, na hakujua kabisa alichokifanya usiku ule katika nyumba ya mtu mwingine. Ndiyo maana nakisimulia kisa hiki kila ninapopewa nafasi, kwa sababu hofu nyingi ya kazini huzaliwa namna hii, pasipo mtu kumtakia mwenzake shari.

Watu wa Pwani tuna maneno mengi ya hali hii. Twasema roho juu. Twasema kiherehere cha moyo. Bibi zetu walisema jakamoyo, neno ambalo vijana wengi hapa huenda hawajalisikia na ambalo natamani lirudi midomoni mwetu. Na magazeti kila siku yanatuambia fulani ana tumbo joto. Hilo la tumbo nalipenda zaidi, kwa sababu sayansi ilikuja kulithibitisha. Mwishoni mwa miaka ya 1890, miale ya eksirei ikiwa ndiyo kwanza imegunduliwa, mwanafunzi wa udaktari wa chuo cha Harvard huko Marekani, Walter Cannon, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na madini yanayoonekana kwenye eksirei, kisha akalitazama tumbo lake likifanya kazi. Paka akiwa ametulia, tumbo lilisaga chakula taratibu, mawimbi yakipita. Paka akipata fadhaa, mawimbi yalikoma palepale. Akitulia, yakaanza tena. Cannon aliendelea kuchunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na kufikia 1915 alikuwa ameeleza kwa kitabu namna mwili mzima unavyojiandaa kupigana au kukimbia.

Yanayotokea ni haya. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaondolewa tumboni na kwenye ngozi na kupelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono. Ndiyo sababu vidole vinapoa na tumbo linavurugika. Baadaye kidogo tezi zilezile zinatoa kotisoli, inayohakikisha sukari ipo kwenye damu kwa mapambano marefu. Mwili wa mama yule ulikuwa tayari kwa mapigano, naye yuko jikoni na sinia ya mbaazi, hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia.

Niseme wazi kwamba hofu yenyewe si ugonjwa, na wala si upungufu wa imani, ingawa najua wapo wanaoambiwa hivyo. Hamali anayeinua macho kuangalia kontena linaloning'inia kabla hajapita chini yake anaokolewa na hofu. Karani anayehakiki hesabu mara ya pili anasukumwa na wasiwasi kidogo, na ni wasiwasi mzuri. Mwili uliumbwa kushtuka kisha kutulia. Taabu ni pale unaposhtuka Jumatatu, ukashtuka Jumanne, na kutulia hakuji. Usingizi unakatika, shinikizo la damu linapanda, mtu anakuwa mkali kwa watoto kwa makosa madogo, anasahau vitu, anaugua mafua kila mara. Wengi huja kwangu wakiniambia wana vidonda vya tumbo. Nawaambia waende wapimwe, kwa kuwa vidonda vingi huletwa na bakteria au na dawa za maumivu, na vina tiba. Wasikae wakijilaumu kwa mawazo huku bakteria anawatafuna.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonitoa nyumbani leo. Tukiulizwa kwa nini kazi inatusonga, sote tunajibu: kazi ni nyingi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mfikirie fundi cherehani mwenye kibanda chake mwenyewe wiki ya mwisho ya Ramadhani. Kanzu zimejaa mpaka mlangoni, usiku mzima analala kwa saa tatu tu. Anachoka, lakini yeye ndiye anayeamua aanze na kanzu ipi, amwambie nani arudi kesho, anyanyuke lini kunywa kahawa. Sasa mfikirie dada aliye kwenye cherehani ya kiwandani, anashona mikono ya mashati tu, amewekewa idadi ya kila saa, na akitaka kwenda msalani ainue mkono kwanza. Kazi zote mbili ni za cherehani, na zote ni nyingi. Yupi anarudi nyumbani na jakamoyo?

Mtafiti mmoja, Robert Karasek, aliliandika jambo hili mwaka 1979 kwa kutumia takwimu za Uswidi na Marekani. Alionyesha kwamba mzigo mzito pekee si ndio unaomvunja mtu, bali mzigo mzito ukikutana na kukosa kauli. Na Uingereza wakaja na ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1967 ulianza uchunguzi wa afya za watumishi wa serikali mjini London, wanaume wapatao 18,000, na ukaitwa Whitehall kwa jina la mtaa wenye ofisi za serikali. Dhana ya siku zile ilikuwa kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wakubwa, wenye maamuzi mazito mabegani. Michael Marmot na wenzake walipochambua takwimu, yakawa kinyume. Wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakubwa. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili ukaanza 1985, safari hii na wanawake wamo, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni lilelile: asiye na kauli juu ya kazi yake, moyo wake uko hatarini zaidi.

Sisi tulilijua hili tangu zamani, limo ndani ya lugha. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Ukiwa nacho una kazi leo; kesho ni ya Mungu na ya nyapara. Na twasema kibarua kimeota nyasi, unga umemwagika. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Nyasi zinaota zenyewe, unga unamwagika wenyewe, na aliyepoteza kazi hana sauti popote katika sentensi.

Nami niliwahi kuishi humo. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, siitaji. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Alhamisi moja mchana hati yangu ilirudi imekataliwa, kwani nilikuwa nimezigeuza tarakimu mbili. Kosa la kusahihishwa kabla chai haijapoa. Mimi nikaichukua ile hati, nikaiweka chini ya faili nyingine tano, nikaketi juu ya kiti changu kama mtu aliyeketi juu ya nyoka.

Kwa nini? Kwa sababu miezi miwili nyuma kijana mwenzetu alisimama akasema, "Bosi, nimekosea," na kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje na mfuko wake wa plastiki. Tangu siku ile katika ofisi yetu hakuna aliyekosea. Yaani hakuna aliyesema. Ijumaa ikapita. Jumamosi nikajifanya mgonjwa. Jumapili sikula. Siku za kontena kukaa bandarini bila malipo zilikwisha nikiwa kitandani nimejifunika shuka, na kila kulipokucha gharama iliongezeka.

Jumatatu mzee mmoja wa Kibokoni, karani wa siku nyingi, alinitazama namna nilivyokuwa nikilishika lile fungu la faili. Hakuniuliza nina nini. Alisema, "Mwanangu, litoe hilo faili tukaliangalie sote." Nikalitoa. Akaenda nami mpaka kwa bosi, akasimama kando yangu. Bosi alifoka, sikatai, alifoka mpaka watu wa ofisi ya pili wakasikia. Kisha akaniambia nisahihishe. Sikufukuzwa. Lakini malipo ya siku nne yalilipwa, na nilitoka pale nikijua kwamba ile hofu ilikuwa imekula pesa nyingi kuliko kosa lenyewe. Sehemu ya lawama ni yangu, nilinyamaza. Sehemu kubwa ni ya ofisi iliyofanya ukweli uwe kitu cha hatari. Hadi leo nikikumbuka namna mzee yule alivyosimama, hakusema neno hata moja mle ndani, koo hunikaza.

Kwa hivyo nikizungumza na wakubwa wa kazi, na nawaona wachache hapa, siwaombi wajenge bustani wala walete mtaalamu wa kutufundisha kucheka. Naomba vitu vidogo. Ukimwita mtu, mwambie unamwitia nini. "Kesho pitia kwangu, nataka ufunguo wa stoo." Umeongeza maneno machache tu, na nyumba nzima inalala. Ukiona hakuna dharura, ujumbe wa usiku usubiri asubuhi. Mtu akikuletea kosa lake mwenyewe, lishughulikie kosa na umshukuru kwa kulileta, mbele ya wenzake, ili wa kesho naye alilete. Na ratiba ya zamu itolewe mapema, mtu ajue Idi au Krismasi atakuwa wapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Hayo si mambo ya huruma peke yake, ni mambo ya hesabu pia.

Nanyi wafanyakazi, sehemu ya hofu yenu inatokana na kutojua haki zenu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kabla ya kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji duni, mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, katika kikao hicho. Yaani lile alilonifanyia mzee wa Kibokoni limo katika sheria. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi, na malipo kamili. Na wewe wa kibarua, ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, sheria inakuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinakufuata. Najua kati ya sheria na geti la kiwanda kuna safari. Hata hivyo mtu anayejua huingia ofisini kwa mkubwa na mgongo ulionyooka.

Na usiku ule wa Jumapili ufanye nini? Anza na mwili, maana akili haisikii mwili ukiwa vitani. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha iachilie taratibu zaidi, kutoka kwake kuwe kurefu kuliko kuingia. Moyo kwa kawaida hupunguza mwendo unapotoa pumzi, kwa hivyo ukirefusha hapo unaupa nafasi ya kutulia. Dakika tano zatosha. Tujaribu sasa hivi, pamoja... Vuta. Achilia, polepole. Tena. Mama wa kitambaa cha buluu, shusha mabega. Naam.

Kisha chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika ninalojua, upande wa pili ninalodhani. Yule mama nilimfanyisha baadaye, kwa ujumbe uleule. Upande wa kujua aliandika mstari mmoja: kesho ananiita. Upande wa kudhani aliandika saba, na wa mwisho ulikuwa "watoto wangu watafukuzwa shule." Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwa nimeshafika shuleni." Ukishaona ulivyosafiri, unaweza kurudi, na unaweza kujibu ujumbe kwa adabu tu: "Sawa mkubwa. Kuna cha kujiandaa nacho?" Hiyo nayo ni kauli, ndogo, lakini ni yako.

La muguka, yale majani ya kutafuna, siwezi kulipita, hasa kwa mabawabu na madereva wa usiku. Mwaka 2024 kaunti ilipiga marufuku, mambo yakafika mahakamani, nami sikuja kujadili kesi. Nazungumzia moyo wako. Katinoni iliyomo kwenye majani yale inaamsha mwili kwa njia zilezile ambazo hofu inaziamsha. Unatafuna ili ukeshe, asubuhi usingizi hauji, moyo unadunda, nawe unadhani ni mawazo ya kazi. Wapo waliokuja kwangu na wasiwasi mkubwa, wakapunguza majani na kahawa tungu ya jioni, na nusu ya wasiwasi ikaondoka. Na yeyote anayebanwa na kifua au kukosa pumzi aende hospitali kwanza. Asijitibu kwa pumzi za leo.

Neno moja nalitamka polepole. Wapo ambao hofu imewafikisha mahali pa kutamani wasiwepo. Wengi walinyamaza kwa kuogopa, kwa kuwa sheria ya zamani ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kwa hivyo ukiwa na mawazo hayo, mwambie mtu leo, daktari, muuguzi, imamu, padri, ndugu, halafu ukubali kupelekwa kwenye matibabu. Na ukiambiwa wewe, usikemee wala usitoe mawaidha. Keti naye, usimwache peke yake, kisha mwende pamoja.

Nimemaliza yangu. Nitakuwa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha hadi adhana ya Alasiri, na baada ya swala nitarudi palepale. Anayetaka kuja peke yake aje, anayeona haya aje na mwenzake, wala hatalazimika kusema kitu. Karatasi na kalamu ninazo za kutosha.